Lava Iliyokoma Mpakani mwa Shamba

Nilianza kusoma jiolojia ya chuo kikuu nikiwa na umri wa miaka thelathini na saba, nimekaa juu ya ndoo iliyogeuzwa, kando ya shimo ambalo halikutoa maji. Mwenye shamba alikuwa ameniuliza kwa nini kisima cha jirani yake, hatua mia mbili kutoka pale, kina maji na chake hakina. Nilikuwa nimechimba visima kwa mkono tangu nilipomaliza kidato cha nne, katika kata za pembeni mwa Sumbawanga na mara nyingine hadi Mwimbi, na kwa miaka yote hiyo nilichokuwa nacho ni mazoea tu. Jioni ile niliamua kwamba nitajifunza kulieleza shimo kabla ya kulichimba.

Binti wa dada yangu alikuwa amemaliza shahada ya jiolojia na kupata kazi mgodini, mbali na kwetu. Daftari zake zilikuwa kwenye boksi chini ya kitanda, nyumbani kwa mama yangu Kasense. Nilimpigia simu kuziomba. Alicheka, akasema nichukue, ila nisije nikamlaumu.

Juu kabisa ndani ya boksi kulikuwa na karatasi yenye orodha ya kozi zote, muhula kwa muhula: jiolojia ya awali, elimu ya madini, elimu ya miamba, jiolojia ya miundo, uchoraji wa ramani, na nyingine. Niliibandika ukutani juu ya meza yangu na kujiwekea sheria mbili. Ya kwanza, sitaruka kozi hata moja. Ya pili, sitafungua ukurasa unaofuata mpaka niweze kuueleza ule niliomaliza kwa Kiswahili, kwa mtu asiyeujua.

Mtu huyo karibu kila mara alikuwa mwenzangu wa kazi. Alizaliwa Kasanga, kwenye familia ya wavuvi, akaliacha ziwa akiwa kijana kwa sababu, kama asemavyo mwenyewe, alichoka kunuka dagaa. Tulichimba pamoja kwa zamu, mmoja shimoni na mwingine juu kwenye kamba. Nikiwa juu nilimsomea. Alikuwa msikilizaji mkali. Nikieleza kitu kwa mzunguko, sauti yake ilipanda kutoka shimoni: "Profesa, hapo hata wewe hujaelewa." Mara nyingi ilikuwa kweli.

Maandishi yalikuwa ya Kiingereza, na Kiingereza changu kilikuwa kile cha shule ya kata. Niligawa kila ukurasa wa daftari langu sehemu mbili, kushoto Kiingereza, kulia Kiswahili, na kamusi katikati ya meza. Kozi ambayo mwanafunzi wa chuo huimaliza kwa muhula, mimi ilinichukua karibu mwaka, na nyingine nilizisoma mbili kwa pamoja. Vifaa nilijitengenezea. Sumaku niliitoa kwenye spika ya redio iliyokufa. Mgongo wa kigae cha sakafu, ule usio na rangi, niliutumia kusugulia madini nione alama yanayoacha. Kupima mwinamo wa tabaka nilifunga uzi wenye nati kwenye kipimapembe cha shule. Lenzi ndogo ya mkono ndiyo pekee iliyokuwa kifaa halisi. Aliyenitumia ni binti wa dada yangu, pamoja na ujumbe usemao, "Mjomba, sasa naona hutanii."

Miaka minane ilipita hivyo. Ndipo yeye huyohuyo akaniambia kwamba chuo alichosoma kina njia ya watu wazima. Anayeomba hufanya mtihani wa kuandika, huwasilisha jalada la kazi aliyoifanya mwenyewe, kisha huitwa kwenye usaili. Akifaulu, anaanza mwaka wa kwanza kama kijana aliyetoka kidato cha sita. Nafasi ni chache.

Niliitaka nafasi hiyo. Haikuwa kwa sababu ya cheti, ingawa cheti kingenifaa. Nilikuwa nimejaza daftari kumi na tisa, na hakuna mtu yeyote mwenye ujuzi aliyewahi kunisahihisha hata ukurasa mmoja. Anayejifundisha mwenyewe hujiuliza swali, akajijibu, akajipa alama. Nilikuwa nimechoka kujipa alama.

Kwa ajili ya jalada nilichagua kuchora ramani ya miamba ya mteremko wenye mashamba ya ukoo wetu, pale Kasense. Nilitumia mwaka mzima, kila Jumapili baada ya misa, na siku za kazi tulipokosa kazi. Mwamba wa mteremko ule kwa sehemu kubwa ni ule wenye michirizi myeupe na myeusi, mwamba wa kale uliogeuzwa kwa joto na mgandamizo, na juu yake udongo mwekundu. Hayo niliyatarajia. Ambacho sikukitarajia kilikuwa mawe meusi.

Yalikuwa yametapakaa katika sehemu moja ya mteremko, mengine makubwa kama kichwa cha mtu. Yalikuwa mazito, yenye vitundu vingi vya gesi, na upande mmoja yana mikunjo kama uji ulioganda ukiwa unatiririka. Niliyapima kwa kila njia niliyoijua. Sumaku iliyavuta kidogo. Siki niliyoyadondoshea haikutoa povu. Chini ya lenzi niliona uso wa kioo cheusi. Nilifungua daftari la elimu ya miamba na kusoma tena maelezo ya lava. Kila sifa ilikuwepo.

Ramani zote nilizowahi kuziona hazikuonesha volkano katika upande ule wa Ufipa. Nadhani ndiyo sababu nilitaka iwepo. Nilipaka eneo lile rangi ya zambarau, nikalipa ukurasa wake wa maelezo, na nikaandika jambo ambalo sasa nikilisoma uso unaniwaka. Nilikuwa nimeona kwamba lava yangu haikuishia ovyo. Pande mbili ilikoma kwa mstari ulionyooka kabisa, na kwenye mstari huo mawe yalirundikana kwa wingi. Katika jiolojia ya miundo nilikuwa nimesoma kwamba mpaka ulionyooka mara nyingi ni dalili ya mpasuko wa ardhi, na sisi watu wa Ufipa tunaishi kati ya mabonde mawili yaliyotokana na mipasuko. Basi nikachora mistari miwili mizito, nikaandika: mpasuko.

Nilipeleka jalada. Mtihani wa kuandika niliufanya, nikafaulu. Barua ya usaili ilifika mwanzoni mwa kipupwe, ikinipa majuma matano.

Katika juma la pili kati ya hayo matano tuliitwa kuchimba kisima katika shamba lililo katikati kabisa ya rangi yangu ya zambarau. Nilifurahi. Nilimwambia mwenzangu tubebe nyundo ya kilo nane, mitaimbo miwili na patasi zote, kwa sababu tutakutana na lava, na lava ni ngumu. Hakuna njia ya gari pale. Alibeba nyundo begani kutoka barabarani hadi juu, upepo wa baridi ukitupiga usoni, akisema kwamba kwao ziwani mtu akibeba chuma kiasi kile anakuwa anatia nanga.

Siku ya kwanza tulitoa udongo mweusi wa juu, wenye mawe yangu meusi ndani yake, na baada ya hapo udongo mwekundu, laini. Siku ya pili, udongo mwekundu. Siku ya tatu, yeye akiwa shimoni kina cha watu wawili, alifika kwenye mwamba wenye michirizi, uliooza kiasi cha kuvunjika kwa sururu. Aliacha kuchimba.

"Profesa," alisema. "Hiyo lava yako imepita wapi?"

Nilimwambia huenda iko chini zaidi.

"Chini zaidi ni mwamba huuhuu. Wewe mwenyewe umenifundisha, lava inamwagika juu ya kilichopo. Sasa juu hakuna, chini hakuna. Mawe yako yamekaa kwenye udongo wa jembe tu, kama viazi. Na mimi nyundo nimeibeba."

Nilishuka kwa kamba badala yake. Nilitazama ukuta wa shimo pande zote nne kwa tochi. Alikuwa sahihi. Mawe meusi yaliishia kina cha goti. Hakuna lililoshikana na lenzake, hakuna hata moja lililokaa juu ya mwamba. Nilichukua moja, nikalipasua kwa nyundo ndogo. Ndani ya kitundu kimoja kulikuwa na kipande cha mkaa wa mti, kikiwa bado na pete za ukuaji wake.

Mti hauingii ndani ya lava ukatoka mkaa wa kupikia. Nililijua hilo nikiwa palepale shimoni. Bado sikujua nimeshika nini.

Nililibeba jiwe lile hadi nyumbani kwa mama. Alikuwa uani anapepeta ulezi. Nilimwamkia, nikakaa, nikamwonesha. Alilitazama mara moja, akaendelea kupepeta, akasema kwa Kifipa kwamba kama nataka mengine kama hilo, liko moja kwenye mlango wa banda la kuku.

Nilikwenda bandani. Jiwe lililokuwa likizuia mlango wa kuku, ambalo nilikuwa nimelisogeza kwa mguu tangu utotoni, lilikuwa jeusi, zito, lenye vitundu na mikunjo ya uji.

"Hayo ni mavi ya chuma," mama alisema niliporudi. "Babu zako walikuwa wanayeyusha chuma. Tanuri lilikuwa refu kupita nyumba hii, la udongo wa kichuguu. Sisi tunaliita ilungu. Kikishatoka chuma, hayo ndiyo yanayobaki, wanatupa."

Nilimuuliza kwa nini yametapakaa mteremko mzima kama yalitupwa kando ya tanuri.

"Si tunalima? Kila mwaka tunafukia majani, tunainua matuta, mwaka unaofuata tunayabomoa na kuyahamisha. Yanatembea na majembe. Na yanavunja majembe. Ndiyo maana ninyi watoto tuliwatuma kuyaokota. Wewe ulikuwa unayaokota, unayarundika mpakani."

Mpasuko wangu, ule mstari mzito ulionyooka, ulikuwa mpaka wa shamba la baba. Mpasuko wa pili ulikuwa mpaka wa shamba la baba mdogo. Baadhi ya mawe yale niliyarundika kwa mikono yangu nikiwa na miaka saba.

"Mama, mbona hukuwahi kuniambia?"

"Hukuniuliza. Kila ukija hapa ulikuwa unasoma."

Hakusema kwa kunisuta. Aliinua ungo tena, na pumba zikapeperuka upande wa banda.

Kwa nini sikuona? Nimelifikiria sana swali hilo, na jibu langu ni kwamba nilikuwa nimejenga ukuta katikati ya vitu viwili. Upande mmoja palikuwa na shamba, matuta, jembe na kuku, vitu ninavyovijua bila kuvifikiria. Upande wa pili palikuwa na jiolojia, ambayo niliiandika kwa Kiingereza kushoto na Kiswahili kulia. Nilikuwa nimeipeleka jiolojia shambani. Shamba sikuwahi kulipeleka kwenye jiolojia.

Nilimpigia simu binti wa dada yangu na kumweleza yote. Alisema kwamba jalada limeshafika, limeshasomwa, na kama lingekuwa na kasoro ya kunikosesha nisingeitwa.

"Mjomba, nyamaza," alisema. "Ukienda kule ukasema umechanganya lava na mavi ya chuma, watasema huyu hajui mwamba. Nafasi zenyewe unajua zilivyo. Ingia, utasahihisha ukiwa ndani."

Ulikuwa ushauri wa mtu anayenipenda, na anayekijua chuo kuliko mimi. Niliufikiria siku mbili. Mwishowe niliona kwamba nikiipata nafasi kwa ramani ile, nitakuwa nimejipa alama mwenyewe kwa mara nyingine, tena safari hii nikijua kwamba ni za uongo.

Yalikuwa yamebaki majuma matatu na siku chache. Niliweka mpango. Ningechimba mashimo madogo, ya kina cha goti na nusu, kila baada ya hatua hamsini, katika eneo lote la zambarau. Katika kila shimo ningehesabu vipande vyeusi, nipime kina cha mwisho vinapopatikana, na niandike kilicho chini yake. Kama mama yuko sahihi, vipande vingeongezeka kadiri ninavyokaribia mahali pa tanuri, na visingepatikana kabisa chini ya kina cha jembe. Kama hayuko sahihi, mashimo yangesema hivyo pia.

Udongo wa kipupwe ni mgumu kama tofali. Mwenzangu alikuja siku ya kwanza bila kuitwa, amebeba sururu. Aliniambia amekuja kuhakikisha kwamba hatabebeshwa nyundo tena maishani mwake. Tulianza kila siku jua linapotoka na kuacha upepo ulipozidi. Alishika kamba ya kupimia, mimi nikaandika. Viganja vyangu, ambavyo nilidhani haviwezi tena kutoka malengelenge, vilitoka malengelenge.

Tulichimba mashimo hamsini na nne. Vipande vilipungua na kuongezeka kwa mpangilio, na nilipounganisha namba zinazolingana kwa mistari, mistari ikazunguka sehemu tatu. Tulikwenda kwenye kila moja. Zote tatu zilikuwa kando ya kichuguu cha zamani. Katika mbili tulikuta vipande vya mirija ya udongo ya kupulizia hewa tanurini, minene kama mkono, midomo yake imeungua na kuwa kioo. Kwenye ya tatu tulikuta duara la udongo uliookwa, mwekundu kama chungu. Mwenzangu alisimama katikati ya duara lile, akavua kofia.

"Kwa hiyo babu zako ndio volkano," alisema.

Niliandika sahihisho la kurasa sita. Nilieleza nilichokiona mwanzo, nilichokidhani, kosa lilivyotokea, na ushahidi mpya. Kwenye orodha ya vyanzo, ambapo mwanafunzi huandika vitabu, niliandika: mama yangu, mkulima, Kasense. Nilichora ramani mpya. Zambarau iliondoka, na mahali pake nikaweka nukta tatu nyeusi. Kwa mtu asiyejua, ramani ya kwanza ilikuwa nzuri zaidi.

Basi liliondoka stendi ya Sumbawanga alfajiri. Nilikuwa na jalada, ramani ya pili kwenye bomba la plastiki, na jiwe moja ndani ya soksi. Lilikuwa sampuli namba thelathini na moja, yenye mkaa ndani, na namba yake niliipaka kwa rangi nyeupe.

Kwenye usaili walikuwepo watu watatu. Mwenyekiti, mwanamume mwenye mvi, alianza kwa Kiingereza, akisema wameridhishwa hasa na ugunduzi wa lava. Nilijibu kwa Kiingereza nilichokuwa nimekiandaa, polepole, kwamba naomba kuondoa sehemu hiyo kwa sababu si kweli. Nikawapa kurasa sita na ramani. Walizisoma kimya. Nilihesabu vigae vya sakafu.

Mwenyekiti aligeukia Kiswahili. "Ramani ya kwanza tulikuwa tumeshaipa alama. Unalijua hilo?"

"Sikulijua, Daktari. Ninachojua ni kwamba hakuna lava pale."

"Na kama tukisema mtu aliyekosea kiasi hiki hafai?"

"Basi nitarudi kuchimba visima, na mwakani nitaomba tena na ramani hii."

Mwalimu wa kike aliyekaa pembeni, ambaye nilielewa kwamba ndiye afundishaye elimu ya miamba, aliomba kuliona jiwe. Aliligeuza mara nyingi, akalisogeza dirishani, akatoa lenzi iliyoning'inia shingoni mwake. Aliuliza kama shimoni nililipasua mwenyewe, na nililipasua upande gani. Aliuliza mama alilitumia la bandani kwa miaka mingapi. Nilimwambia tangu kabla sijazaliwa. Hapo alitabasamu, akasema kwamba kwenye sinia la mawe ya maabara, likiwa halijapasuliwa, hata yeye angeliandika lava. Kisha aliniomba abaki nalo.

Nilisita, kwa kuwa lilikuwa ushahidi. Lakini nilikuwa na vipande vingine vya jiwe hilohilo nyumbani. Nilifungua daftari na kuandika palepale mbele yao: sampuli 31, imetolewa. Nikamkabidhi.

Majibu yalichukua mwezi na nusu. Mwenzangu ndiye aliyeisoma barua kwa sauti, akiwa juu kwenye kamba na mimi shimoni, na alipofika mahali paliposema nimepokelewa aliisoma sentensi hiyo mara mbili. Kisha akaniambia nipande, kwa sababu zamu yake imefika.

Kozi ya kwanza ya muhula wa kwanza ilikuwa jiolojia ya awali, ileile iliyo juu kabisa kwenye karatasi yangu ya ukutani. Nilikuwa nimeshaisoma kurasa zote, pande mbili. Nilinunua daftari jipya, nikakaa mstari wa mbele, nikaandika kila kitu upya. Wenzangu waliniita Mzee, wengine waliniamkia shikamoo wakidhani ni mhadhiri.

Katika juma la nne tulifanya zoezi la maabara. Sinia lenye mawe kumi na mawili lilipita meza kwa meza, kila jiwe na karatasi ya namba, nasi tuliandika jina la kila moja na sababu. Jiwe la tisa lilikuwa jeusi, zito, lenye vitundu. Lilikuwa limepasuliwa, na upande uliopasuliwa ulikuwa umelazwa chini. Pembeni mwake, chini ya karatasi ya namba, ilionekana rangi nyeupe iliyokwanguliwa nusu.

Binti aliyekaa kulia kwangu alikwisha kuandika lava, na sababu nne, zote sahihi. Aliniona nimelishikilia muda mrefu, akaniinamia.

"Mzee, la tisa si lava hilo?"

Mwalimu, yuleyule aliyebaki na jiwe langu siku ya usaili, alikuwa nyuma ya chumba, anatutazama.

"Ligeuze kwanza," nilimwambia, nikamsogezea lenzi yangu.

Aliligeuza, akainama. Mimi niliandika jibu langu la tisa, kisha nikaendelea na jiwe la kumi, ambalo sikulijua.